Europa Clipper hakitui, na uso wa Europa si sakafu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa sayansi wa Jumapili iliyopita ulibeba makala ndefu kuhusu Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, na kuhusu chombo cha Marekani kinachokwenda huko, Europa Clipper. Niliisoma yote, kisha nikamsomea mjukuu wangu aliye kidato cha pili. Nawapongeza kwa kutoa ukurasa mzima kwa jambo lisilo na mgombea wala goli ndani yake. Hata hivyo kuna sentensi mbili ambazo haziwezi kupita hivi hivi.

Ya kwanza ilisema chombo hicho "kitatua na kutoboa barafu hadi kuifikia bahari". Hakitatua. Kilirushwa kutoka Florida Oktoba 14, 2024, kitafika kwa Mshtarii Aprili 2030, na kazi yake ni kupita karibu na Europa mara 49, mara nyingine kikiwa kilomita 25 tu juu ya uso wake. Kila kikipita kitapiga picha, kitapima, kisha kitajitoa haraka kabla mionzi ya huko haijaharibu mitambo yake. Hakina miguu ya kutulia wala keekee. Sentensi ya pili ndiyo iliyoninyanyua kitini: kwamba uso wa Europa ni "sakafu ya barafu ngumu", na kwamba habari yenyewe iko chini, baharini. Baada ya hapo makala haikupanda juu tena.

Mimi ni fundi sanifu mstaafu wa maabara ya udongo. Miaka yangu ya kazi niliimaliza kandokando ya barabara ambazo zilikuwa bado hazijajengwa, nikichimba mashimo ya majaribio, nikikausha sampuli kwenye tanuri, nikishindilia udongo kwenye moldi na kuupima. Mhandisi akija huwa na swali moja: ardhi hii itabeba? Jibu lake halipatikani kwa kutazama. Tunachukua fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, nyundo ya kilo 8 inaangushwa juu yake kutoka milimita 575, tunasoma imezama milimita ngapi kwa kila pigo, tunaandika. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa bonde la Wembere, kiangazi hupitisha lori la mizigo bila kunung'unika, na masika hulimeza lori lile lile hadi ekseli. Basi mtu wa kazi hii akisoma "sakafu ngumu", kinachomjia mdomoni ni: nani kaigonga?

Hakuna aliyeigonga. Tena karibu niseme hakuna aliyeiona vizuri. Picha za karibu za Europa tulizo nazo nyingi zilipigwa na chombo kilichoitwa Galileo, kilichomzunguka Mshtarii kuanzia 1995 hadi 2003. Katika zile kali kuliko zote, pikseli moja ni mita 6 za ardhi. Hiace nzima ya abiria yaweza kupotea ndani ya pikseli hiyo. Na picha za ukali huo ni vipande vichache. Sehemu kubwa ya mwezi ule, ambao upana wake ni kama kilomita 3,100, tunaijua kwa picha hafifu zaidi. Mtu akikuletea picha ya namna hiyo na kukuuliza kama eneo linafaa kuweka nguzo ya daraja, utamfukuza ofisini.

Ni kweli kwamba pande zima la barafu, likiwa kwenye nyuzi 160 chini ya sifuri, ambayo ndiyo baridi ya ikweta ya Europa (kwenye ncha inashuka hadi karibu 220), ni gumu kama mwamba. Hapo mwandishi wenu yuko sahihi. Lakini itale nayo ni ngumu, na huku kwetu Singida tunakanyaga mchanga uliotokana na itale hiyo hiyo. Europa haina hewa ya kuukinga uso wake. Vimondo vidogo, vingi vikiwa saizi ya punje ya vumbi, huupiga bila kupunguzwa kasi na chochote. Kila pigo linavunja, linarusha, linachanganya cha chini na cha juu. Juu ya hayo, Mshtarii ana ukanda wa mionzi mikali, na elektroni na ayoni zake huitwanga barafu na kuing'oa molekuli kwa molekuli. Kinachobaki ni tabaka la vumbi, chembe na vipande vilivyolala juu ya mwamba wa barafu. Wanajiolojia huliita regolithi. Mwaka 2021 Emily Costello na wenzake walikadiria kwamba vimondo vimeulima uso wa Europa kwa wastani wa sentimita 30, na huo ni uso ambao haujazeeka, kwani kwa kuhesabu mashimo ya vimondo umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 40 na 90.

Sasa, tabaka hilo limeshikana kiasi gani? Udongo wetu hushikwa na maji na mfinyanzi; ukizidisha maji umeharibu, ukipunguza umeharibu. Kule maji ya kimiminika hayapo juu, mfinyanzi tunaoujua haupo, na uzito wa kushindilia ni mdogo, kwa sababu mvutano wa Europa ni kama asilimia 13 ya huu wa kwetu. Kinachoweza kuziunganisha chembe ni barafu yenyewe. Pale chembe mbili zinapogusana, molekuli huhama taratibu na kujenga shingo ndogo kati yao, na shingo hiyo hunenepa kadiri miaka inavyopita. Kwenye joto kidogo kazi hiyo huenda haraka, kwenye baridi ya ncha hujikokota. Kwa hiyo inawezekana ukakuta gamba gumu hapa na unga laini hatua chache mbele, vyote vikiwa barafu ile ile, na kwa macho vyote vyeupe.

Mwaka 2018 Robert Nelson na wenzake walichapisha majaribio ya maabara waliyofanya kwa unga laini wa oksaidi ya alumini. Waliuangaza, wakapima namna mwanga unavyorudi, wakalinganisha na mwanga unaorudi kutoka kwenye miezi ya barafu. Uliolingana nao ni unga wenye chembe ndogo sana na nafasi tupu ya karibu asilimia 95. Yaani ardhi ya unga uliopepetwa, ambamo chombo kinaweza kuzama. Kwa maoni yangu hilo si la kumtia mtu hofu sana, maana mwanga husoma ngozi ya juu tu na hauwezi kukwambia hali ya sentimita kumi chini. Ila linatosha kabisa kuizuia kalamu isiandike neno "sakafu".

Kama mnataka kuona jinsi ardhi ya barafu inavyoweza kumdhihaki mhandisi, someni yaliyompata Philae. Huyo ni mtuaji wa Ulaya aliyeshuka kwenye nyota-mkia 67P/Churyumov–Gerasimenko Novemba 12, 2014. Alikuwa na kilo kama 100 hapa duniani, lakini kule uzito wake ulikuwa sawa na gramu chache tu, hivyo alipewa vyusa vya kumfunga ardhini mara akigusa. Vyusa havikufyatuka. Mahali pa kwanza alipogusa palikuwa na tabaka laini la chembechembe. Aligonga, akaruka juu, akaelea karibu saa mbili nzima, akagusa tena njiani, mwishowe akakwama kivulini pembeni mwa jabali. Pale alipokwama alikuwa na kifaa chenye nyundo na kijiti cha kupigilia ardhini. Mtu wa maabara ya barabara anakielewa kifaa hicho bila kufafanuliwa. Nyundo ilipiga, wakaongeza nguvu, ikapiga tena hadi kiwango cha juu kabisa, na kijiti hakikuingia ila milimita chache. Ardhi ile ilionekana kuwa na nguvu ya kuhimili mgandamizo wa megapaskali 2, yaani paskali milioni mbili, au zaidi.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2020 timu ya Laurence O'Rourke ilipatambua mahali Philae alipogusa mara ya pili, kama mita 30 tu kutoka alipokwama. Hapo alikuwa ameacha alama zake katika barafu iliyochanganyika na vumbi, na kutokana na kina cha alama hizo wakakokotoa nguvu ya ardhi: chini ya paskali 12. Niliposoma namba hiyo nilichukua karatasi nikaigeuza kwa vipimo tulivyozoea. Paskali 12 ni uzito wa kilo moja na robo hivi uliotandazwa juu ya mita mraba nzima. Weka juu yake mfuko mmoja wa saruji, ardhi imeshashindwa zamani. (Uzito wa hapa kwetu, bila shaka, kule mfuko wenyewe ungekuwa mwepesi kama unyoya.) Gawanya megapaskali 2 kwa paskali 12 utapata zaidi ya laki moja. Kwa hiyo ndani ya mita 30, nguvu ya ardhi imetofautiana zaidi ya mara laki moja. Katika barabara zote nilizopima sijapata kuona kitu kinachokaribia hapo, wala sidhani kuna mkandarasi ambaye angenisadiki ningemwandikia ripoti hiyo.

Kabla ya Philae kulikuwa na Huygens, kilichotua Titan, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, Januari 14, 2005. Chini yake kilichomoza kijiti chenye kipima nguvu, ili kiwe cha kwanza kugusa. Kifaa hicho kilitoka kwa kundi la John Zarnecki wa Open University ya Uingereza. Mchoro wa nguvu ulionyesha kilele kikali mwanzoni, halafu ulaini. Tafsiri ya mwanzo ikawa kwamba kuna gamba gumu juu na laini chini. Baadaye wakafikiria kwamba pengine kijiti kiligonga kokoto tu na kuisukuma pembeni. Nimecheka sana hapo, maana kokoto moja ndiyo imewahi kutuharibia matokeo ya siku nzima. Na picha zilionyesha kokoto kweli, za barafu ya maji, zilizoviringwa na vimiminika vilivyopita hapo, zikiwa zimelala juu ya kitu chenye tabia ya mchanga mbichi. Unyevu wake ulikuwa wa methani, katika baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri.

Mtauliza basi Clipper itapimaje udongo bila kugusa. Njia inayonivutia zaidi ni ya joto. Vumbi lililo wazi, lenye nafasi nyingi ndani, hupata joto upesi jua likichomoza na hulipoteza upesi likizama. Mwamba au gamba lililoshikana hupokea joto polepole na hulitunza. Siku ya Europa ni kama saa 85 za kwetu, kwa hiyo ukipima joto la mahali pamoja mchana, jioni na usiku, unaanza kujua umesimama juu ya vumbi au juu ya jiwe. Clipper imebeba kamera ya kupimia joto kwa kazi hiyo hasa. Njia hii imeshathibitika kwenye Mimas, mwezi mdogo wa Zohali. Mwaka 2010 chombo Cassini kiliuchora ramani ya joto, na badala ya joto kuongezeka taratibu kuelekea mahali jua lilipo kichwani, ilitokea sehemu moja ya uso wa mchana ina nyuzi kama 181 chini ya sifuri na ya jirani yake 196, mpaka kati yao ukiwa mkali. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba elektroni zenye nguvu kubwa hulipiga eneo la mbele la mwezi ule karibu na ikweta na kuzigandisha chembe pamoja, likawa gumu kuliko jirani zake na likachelewa kupata joto. Hapo mionzi imefanya kazi ya rola. Kwa picha ya kawaida ya macho usingelidhania.

Njia nyingine ni ujanja mtupu. Vimondo vinavyoipiga Europa hurusha chembe za uso wake angani, na Clipper ina kifaa cha kuzinasa kikipita na kusoma zimeundwa na nini. Sisi tulikwenda na koleo na mifuko ya sampuli. Wao udongo utawafuata huko huko juu. Kamera yake nayo itaonyesha vitu vya nusu mita, pale ambapo Galileo ilikuwa haioni hata Hiace.

Nije kwenye bahari, maana najua ndiyo inayouza gazeti. Siikatai. Dalili za kuwepo kwake ni nzito. Lakini aliyesoma makala yenu atafikiri uso ni kifuniko cha kuondolewa ili kazi ianze, na sivyo. Kilichotoka baharini, kama kimetoka, kwa miaka mingi ijayo tutakisoma juu, kwenye hilo vumbi. Mwaka 2019 Samantha Trumbo na wenzake, wakitumia darubini ya Hubble, waliona kwenye eneo liitwalo Tara Regio alama ya chumvi ya kawaida, sodiamu kloraidi, iliyopigwa na mionzi hadi ikawa ya njano. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ikaonyesha kwamba kabonidayoksaidi nayo imekusanyika eneo hilo hilo, jambo linaloashiria kwamba kaboni yake imetoka ndani. Chumvi hiyo haikupatikana kwa kutoboa. Ilikuwa imekaa juani.

Tatizo ni kwamba mionzi inayoipaka chumvi rangi ndiyo hiyo inayovunjavunja molekuli za kaboni, zile ambazo mtafuta uhai angependa kuzikuta nzima. Mwaka 2018 kundi la Tom Nordheim lilikokotoa kwamba karibu na ikweta ungelazimika kuchimba sentimita 10 hadi 20 kupata kitu kilichosalimika, na ukipanda kuelekea ncha yaweza kutosha sentimita moja. Wataalamu walioandaa pendekezo la mtuaji wa Europa mwaka 2016 walitaka sampuli ichukuliwe kina cha sentimita 10 (pendekezo hilo halijapata fedha). Lakini rudi kwa ile hesabu ya Costello: kama vimondo vinalima hadi sentimita 30, basi kilichoko sentimita 10 leo huenda kilikuwa juu zamani, kikaungua, kikafukiwa. Ndiyo maana nasema swali la uhai, kabla halijawa la bahari, ni swali la kina cha shimo la majaribio. Uchimbe wapi, na kiasi gani? Udongo ndio unaojibu.

Kwa Enceladus, mwezi mwingine wa Zohali wenye upana wa kilomita 500 tu, hadithi ni nyingine kabisa. Mipasuko ya ncha yake ya kusini hurusha maji yanayogeuka chembe za barafu, na nyingi humwagikia juu yake kama theluji. Mwaka 2024 Emily Martin na wenzake, wakitumia misururu ya mashimo ambayo ardhi yake imedidimia, walikadiria kwamba mahali pengine theluji hiyo ina unene wa hadi mita 700. Mita mia saba za kitu kisichoshindiliwa! Natamani ningewaona wahandisi wa msingi wakijadili hilo.

Mhariri, naomba masahihisho yachapwe. Zaidi ya hayo naomba ukurasa huo uzungumze pia na vijana walioko vyuo vya ufundi, wanaosomea ujenzi, ambao huambiwa kwamba anga ni la wanafizikia. Chombo Surveyor 3 kilipotua kwenye mwezi wetu huu Aprili 1967 kilikuwa na kikoleo cha kuchimba na kubonyeza ardhi, na aliyesimamia kazi ya kikoleo hicho alikuwa Ronald Scott wa Caltech, mhandisi wa udongo. Maswali aliyokuwa akiyauliza kule ni yale yale ya maabara yetu: imezama kiasi gani, inasimama kwa pembe ipi, imeshikana vipi. Miaka michache kabla yake wapo waliohofu kwamba vumbi la mwezi lingemeza chombo chochote. Surveyor 1 ilitua 1966 na miguu yake ikazama sentimita chache tu. Na kazi ya kutoboa ambayo mwandishi wenu aliipa Clipper kimakosa ipo kweli, ila ni ya chombo kingine: Dragonfly, helikopta ya kwenda Titan, inayopangwa kurushwa Julai 2028 na kufika 2034, ikiwa na keekee kwenye miguu yake.

Itakapofika 2030, Clipper ikaanza kuleta takwimu, mwandishi wenu asiulize bahari tu. Awaulize kama usiku ukiingia Tara Regio inapoa upesi kuliko uwanda ulio jirani, au inachelewa. Awaulize chembe zilizonaswa zina chumvi gani na zimetoka eneo lipi, na kama kamera imeona mawe au uso laini. Majibu ya hayo yataenea kwenye safu moja ya gazeti, na nafasi ya jedwali dogo itabaki.

Wenu msomaji,
Fundi sanifu mstaafu, maabara ya udongo wa barabara
Singida